Picha Iliyobanduliwa Kwenye Leseni

Ukinikuta leo usiniulize habari ya asubuhi. Nitakujibu vibaya. Mtu aliyeamkia rumande ilhali hajachomoa hata muwa mmoja kwenye shamba la jirani hana habari njema ya kumpa mwenzake.

Kwa wewe ambaye hatukuwa pamoja juma lililopita, nitakukatia kwa ufupi. Mimi ni Protus, dereva wa trekta la miwa, mtu wa Malava. Mwaka huu wa tisini na sita ulianza kwa kumchukua ndugu yangu wa pekee, Lusweti, mkata miwa. Treila lilipinduka likamlalia, tukamzika jeneza likiwa limefungwa, maana uso haukuwa wa kuonyeshwa watu. Kabla matanga hayajapoa, askari wa trafiki akanisimamisha kwenye barabara ya Webuye, akafungua leseni yangu, akanivua kofia kutazama uso wangu, kisha akanitia pingu.

Kisa? Picha ya leseni ilikuwa imebanduliwa na kubandikwa tena. Mke wangu Jael alipokuja kituoni na chai, nikamtuhumu yeye. Nikamwambia mbele ya askari kwamba ameipeleka picha yangu kwa waganga. Jael aliweka chai chini, akapanda gari, akarudi kwao Lugari.

Hapo ndipo ulipoishia ujinga wangu wa juma lile. Sasa sikiliza wa juma hili.

Leseni zetu, kile kitabu chekundu, hupigwa muhuri nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi. Yangu, nusu moja ilikuwa inaelekea Webuye na nusu nyingine inaelekea Kisumu. Pembeni mwa picha palikuwa na unga unga mweupe, na mende walikuwa wameanza kujilia. Ningeyaonea wapi? Mimi leseni yangu naiweka kwenye karatasi ya nailoni, na askari wakiitaka huwa wanafungua pale pa tarehe tu. Sura yangu naijua, naitazamia nini?

Rumande walinitupa chumba kilichojaa watu, kando ya mzee anayeitwa Shikanga. Alikuwa amelala chali, mikono chini ya kichwa, kama mtu aliye kwake.

"Mulembe, dereva," akanisalimu, macho kwenye ovaroli yangu yenye grisi. "Wewe umeletwa na nini?"

"Leseni."

"Umeghushi?"

"Sijaghushi!"

"Haya. Sote humu hatujaghushi." Wenzake wakacheka. "Mimi nilikwangua tu mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho, kwa wembe, nipate kazi ya ubawabu. Walikuwa wanataka vijana. Wembe ukapitiliza, ukatoboa. Nikawa mtu ambaye hajazaliwa."

Shikanga akaketi. "Sikiza nikuambie, maana mimi hii ni mara ya pili. Kughushi, hakimu akiamua kukupa yote, ni miaka mitatu. Ukimpa askari hiyo karatasi na unajua si halali, hiyo ni kesi nyingine, kwa sababu umeitumia. Na ukiwa umejifanya mtu mwingine, hiyo tena ni nyingine juu yake."

"Lakini mimi nimejifanya mimi!"

"Hiyo ndiyo ngumu kuonyesha, mwanangu. Una kitambulisho?"

"Sina," nikasema. Wewe unakumbuka serikali ilivyotangaza kwamba vitambulisho vile vya zamani virudishwe kwa chifu, watu wapewe hivi vidogo vipya. Mimi na Lusweti tulikwenda pamoja, siku moja, foleni moja. Tulirudisha vya zamani, tukapigwa picha, tukachovya vidole kwenye wino, tukapewa kile kikaratasi cha kungojea. Kikaratasi hakina picha. Kina jina na nambari, basi. Lusweti alikufa akingoja chake. Mimi bado nangoja changu.

"Basi hata bondi ya kutoka nje usahau," akasema Shikanga. "Bondi bila kitambulisho ni ndoto. Na faili ya leseni wataiitisha kutoka Nairobi. Ikija, tutakuwa tumeshazeeka."

"Wananidai nini hasa? Jina ni langu. Chifu ananijua. Mtu mzima ataibaje leseni yake mwenyewe?"

"Watasema umeikodisha. Umemtilia mtu mwingine picha yake ndani, aendeshe kwa jina lako. Vijana wa matrekta si ndiyo mchezo wao? Mmoja ana leseni, watatu wanaendesha."

Mchezo huo nilikuwa nimeusikia sana. Kuna mpaka waliowahi kuniomba nami, nikawafukuza kwa matusi. Mimi leseni yangu niliitafuta kwa shida, na bila hiyo mimi ni mkata miwa kama wengine. Nani huyo aliyeniingilia?

Mama akaja kuniona.

Mama yangu, Navalayo, ni mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Akiita kuku jioni, kuku wa jirani pia huja. Lakini siku ile alisimama upande wa pili wa wavu, kitambaa cha kichwa mkononi, akazungumza kama mtu aliye kanisani.

"Baba," akaniita, maana ndivyo anavyoniita tangu utotoni, "umekula?"

"Mama, achana na kula. Nyumbani nani aliingia chumbani kwangu wakati wa matanga? Nani alifungua sanduku langu?"

"Watu walikuwa wengi."

"Nani, mama? Mimi nafungwa! Nimeshamfukuza Jael kwa hii leseni, nimemwita mchawi."

Mama akashika wavu. Wote kulia na kushoto walikuwa wakipiga kelele na jamaa zao, huyu anauliza ng'ombe, yule anauliza mtoto. Ikabidi nami niweke sikio karibu.

"Jael hana kosa," akasema mama. "Mwite arudi. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Ni mimi nilibandua."

Nilidhani sikusikia vizuri kwa zile kelele, nikasukuma sikio kwenye wavu.

"Lusweti hakuwa na picha," akasema. "Nilipekua nyumba yote. Nikapekua Biblia, nikapekua magodoro. Kitambulisho alikuwa amerudisha kwa chifu. Maiti yenyewe haionekani. Watu walikuwa wanakuja kutoka kila upande, kutoka Musanda, kutoka Mayoni, na hapo mbele kuna sanduku limefungwa tu. Mwanangu azikwe hivyo, kama mzigo? Hata mwizi akizikwa watu humwona uso."

"Mama..."

"Nyinyi mlifuatana kuzaliwa, mkafanana. Mkiwa wadogo mimi mwenyewe nilikuwa nawachanganya, nampiga huyu kwa kosa la yule. Nikasema, ni uso mmoja, Mungu hatakasirika. Nikachukua leseni yako. Nikaiweka juu ya mvuke wa sufuria, ikatoka yenyewe. Nikampa yule mpiga picha wa baiskeli anayekujanga soko la Malava. Akaipiga, akaikuza, akaitia kwenye fremu. Hako kadogo akanirudishia."

"Na ukaibandika."

"Niliibandika."

"Na nini, mama?"

Akainamisha kichwa. "Na obusuma. Palikuwa na mabaki kwenye chungu."

Ugali! Mimi, Protus, mtu mzima mwenye mke, niende jela miaka mitatu kwa sababu ya kipande cha ugali wa matangani. Nilipiga ngumi kwenye wavu, askari akanipigia kelele. Nilitukana. Sitayaandika hapa niliyoyasema, lakini niliyasema mbele ya mama yangu mzazi, na hayo pia yananiuma.

Kisha hasira ikashuka, na lile jambo lenyewe likanifikia polepole.

Ile picha iliyowekwa juu ya jeneza. Ile picha yenye shada la maua ambayo wanawake waliizunguka wakilia, wakiimba, wakiigusa. Nilikuwa nimeitazama siku ile kwa macho yaliyojaa machozi, nikajiambia, kweli tulifanana. Kumbe walikuwa wananililia mimi.

Kwetu mtu aliye hai haombolezwi. Wazee wakijua, kuna mambo ya kufanywa, na hata yakifanywa watu wataendelea kukutazama kama uliyetoroka kaburini. Lakini hilo silo lililonikaba.

"Mama. Picha hiyo sasa iko wapi?"

Alijua nilichokuwa nauliza. "Iko kwa Beverlyne. Ukutani."

Beverlyne ni mjane wa Lusweti. Wazee walipoketi baada ya matanga wakanitaja mimi kuwa ndiye wa kumwangalia shemeji yangu, kama ilivyo desturi, Beverlyne alisimama katikati ya kikao. Akasema, "Mwenye nyumba hii yuko. Yuko ukutani pale, ananiona. Msinitafutie mwingine." Wazee wakaona aibu. Mimi nilishukuru Mungu, Jael akashukuru mara mbili.

Kila jioni anaisimamia ile picha na kusali. Anaisimulia mambo ya shamba. Watoto wake wakikosea anawaambia, baba yenu anawatazama.

"Mama, itabidi useme kortini."

"Nitasema."

"Useme yote."

"Nitasema, baba. Nitasema mbele ya kila mtu kwamba ni mimi mjinga." Akabana midomo. "Lakini Beverlyne asijue. Mume alimzika bila kumwona. Kitu alichobaki nacho ni hicho. Nimlie Lusweti, na nimuue na mkewe?"

Niliporudi chumbani nikamsimulia Shikanga. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaacha kucheka.

"Huyo mpiga picha wa baiskeli yuko wapi?"

"Mama anasema hajaonekana sokoni tangu mvua zianze. Hata jina lake hawalijui."

"Basi shahidi wako ni mama yako. Na mama akimtetea mwanawe, hakimu husikiliza kwa sikio moja." Akanitazama. "Ile picha kubwa ndiyo itakayokutoa. Iletwe kortini, iwekwe kando ya ile ndogo. Hakimu si kipofu, ataona ni moja, na ataamini kwa nini ilibanduliwa."

"Hiyo picha haiji," nikasema.

"Basi wewe hurudi."

Siku ya kesi walitupeleka Kakamega tukiwa tumefungwa wawili wawili. Niliingia kizimbani kichwa kimenyolewa, ndevu zimeota, mashavu yameingia ndani. Picha ya leseni nilipigwa nikiwa kijana, nywele zimesimama, kidevu kama cha msichana. Hata mimi nisingejitambua.

Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, asiyependa maneno mengi. Mwendesha mashtaka, Inspekta Kiprop, aliyapenda kwa niaba yake. Karani akasoma: nimebadilisha picha kwenye leseni, na nimemkabidhi mtu mwingine aitumie.

"Kweli au si kweli?"

"Si kweli, Mheshimiwa."

Askari wa trafiki akaeleza habari ya muhuri. Hakimu akaitazama leseni, akaigeuza, akaikuna kwa ukucha.

"Hii ni gundi gani?"

"Hatujui, Mheshimiwa," akasema Inspekta Kiprop. "Si ya kawaida."

Sikuthubutu kumtazama mama huko nyuma.

Zamu yangu ikafika, nikasema ninaye shahidi. Mama akapanda. Akaapa kwa Biblia, akaibusu bila kuambiwa. Kisha akaeleza yote. Alieleza vizuri kuliko alivyonieleza mimi. Alipofika kwenye mvuke wa sufuria watu wakaanza kucheka, alipofika kwenye ugali korti nzima ikaangua kicheko, hata karani akaficha uso. Lakini aliposema, "Sikutaka mwanangu azikwe kama mzigo," kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Woi."

Hakimu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

Nikaanza kupumua. Nakuambia kweli, niliona kabisa lango la rumande likifunguka. Nilijiona nikienda Lugari kumwangukia Jael miguuni.

Inspekta Kiprop akainuka taratibu.

"Mama, pole sana. Umesema hiyo picha kubwa bado iko?"

"Iko."

"Iko wapi?"

"Iko nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Mama akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Kwa mjane," akasema.

"Mjane anajua kwamba hiyo si picha ya mumewe?"

"Hajui."

Inspekta akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, mama ana mtoto mmoja tu aliyebaki. Atasema lolote. Naomba mjane aitwe, na aje na hiyo picha. Yeye ndiye aliyelala na huyo mtu. Atuambie ni nani."

Mama akapiga kelele. "Hapana! Mheshimiwa, mimi nimesema kwa ukweli! Huyo msimlete!"

"Mama, keti," akasema hakimu, lakini kwa upole. Akaandika. "Aitwe. Kesho asubuhi. Na mama asizungumze naye. Shahidi asiambiwe lililosemwa hapa."

Usiku ule nilimsimulia Shikanga, naye akanifundisha la kufanya mpaka usiku wa manane.

Kulipokucha korti ilikuwa imejaa hadi madirishani. Habari ya ugali ilikuwa imeshazunguka mji. Wenye kesi zao na wasio na kesi, wote walikuja. Beverlyne alipoingia, watu wakamgeukia kwa pamoja. Nyuso zote zilikuwa za huruma. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa hajui anahurumiwa nini.

Alivaa nguo yake nyeusi ya matanga. Picha alikuwa ameifunga kwa shuka jeupe, ameikumbatia kifuani. Aliponipita akanisalimu kwa macho, kama mtu anayesema, jikaze, shemeji.

Akaapa. Akafungua shuka.

Nilijiona. Kubwa, nyeusi na nyeupe, ndani ya fremu, nimezungukwa na utepe mweusi. Nakuambia, ukijiona ukiwa marehemu, unajipapasa kidevu kuhakikisha.

"Mama," akasema Inspekta Kiprop, "huyo kwenye picha ni nani?"

"Ni mume wangu."

"Una hakika?"

Beverlyne akashangaa. "Mtu atakosaje kumjua mume wake? Huyu ni Lusweti. Baba wa watoto wangu."

Karani akaichukua leseni, akaiweka kando ya fremu, mbele ya hakimu. Hakimu akatazama moja, akatazama nyingine. Akatazama tena.

"Ni picha moja," akasema.

Hapo ndipo Inspekta alipoonyesha meno. "Ndiyo, Mheshimiwa. Ni picha moja. Na mjane ameapa ni ya marehemu. Kwa hiyo ndani ya leseni ya huyu mshtakiwa kuna picha ya ndugu yake. Ndugu wawili, leseni moja. Mmoja akichoka, mwingine anaendesha."

Minong'ono ikapanda. Hakimu akagonga meza.

Inspekta akamgeukia Beverlyne. "Mume wako alikuwa anaendesha trekta?"

"Lusweti?" Akakaribia kucheka. "Huyo alikuwanga mwoga hata wa baiskeli. Alikuwa anakata miwa."

"Siku aliyokufa, trekta lilikuwa linaendeshwa na nani?"

"Walisema dereva alikimbia."

"Alionekana akikimbia?"

"Sijui. Mimi sikuwako."

"Dereva huyo hajapatikana mpaka leo, mama. Hana jina, hana kwao, hakuna aliyemwona. Mimi nakuambia hakukimbia. Mimi nakuambia alikufa papo hapo, chini ya treila lake mwenyewe, na leseni hii ndiyo iliyomweka kwenye usukani."

Nilimwona Beverlyne akiitazama ile leseni ndogo iliyofunguliwa mezani, kisha ile picha kubwa.

"Lusweti hakuendesha," akasema, lakini sauti haikuwa ile ya kwanza.

"Basi picha yake imeingiaje humu?"

"Sijui."

"Alikuambia kwamba ana leseni?"

"Hapana."

"Yaani alikuficha."

Machozi yalianza kumtoka Beverlyne, yakimdondokea juu ya kioo cha fremu, naye akawa anayafuta kwa pembe ya shuka, asiharibu.

Mama huko nyuma alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na askari amesimama kando yake, tayari.

Hakimu akanigeukia. "Mshtakiwa, una swali kwa shahidi?"

Shikanga alikuwa amenifundisha. Huna wakili, alisema, lakini swali unalo, na swali moja linatosha. Mwambie aiangalie vizuri. Mwambie akuangalie na wewe. Mwambie akumbuke alivyokuona ukiwa kijana, siku mlipopeleka mahari kwao, nywele zimesimama. Atajua. Mwanamke hajifichi jambo akiambiwa atazame.

Na angejua. Ningeenda nyumbani siku hiyo hiyo. Ningekwenda Lugari. Beverlyne naye angerudi Malava na ukuta mtupu, akijua kwamba siku zote hizi alikuwa anasali mbele ya shemeji yake, na kwamba yule ambaye alimkataa mbele ya wazee ndiye huyu huyu aliyekuwa anamtazama usiku akivua nguo.

Nisipouliza? Nafungwa mimi. Na yeye anarudi Malava na picha yake, lakini mwenye picha ameshakuwa mwongo. Mtu aliyemficha mkewe mpaka akafa kwa siri yake. Ndugu yangu, ambaye hajawahi kumficha Beverlyne hata kipande cha nyama.

Lipi afadhali? Wewe unayesoma umeketi vizuri, labda una jibu.

"Mshtakiwa," akasema hakimu. "Una swali au huna?"

"Ninalo, Mheshimiwa."

"Uliza."

Nikafungua mdomo. Beverlyne akainua uso, akanitangulia.

"Shemeji," akasema, na akasahau kabisa kwamba yuko kortini, akaniongelesha kama tuko uani kwake. "Wewe ulikuwa ndugu yake wa pekee. Mlikuwa mnaambiana kila kitu. Niambie tu. Alikuwa ananificha kweli?"

Inspekta Kiprop akaruka juu. "Mheshimiwa, shahidi haulizi, anaulizwa!"

Hakimu hakumtazama. Alikuwa anamtazama Beverlyne na ile fremu iliyolowa. Akaweka kalamu chini.

"Mshtakiwa," akasema, "mjibu."